Masala ya Mchanga wa Kilwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adamu majina, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Masala yenyewe ni hii. Mtu akiulizwa kitu fulani ni nini, naye akakitaja kwa jina lililozoeleka na watu wa mji wake, ilhali hakukiangalia hata mara moja, je, amejibu? Na yule anayekaa akakipa kitu jina jipya, amepata haki gani juu ya kitu hicho, na amejitwisha nini shingoni mwake? Wako watakaosema kuwa haya ni maneno matupu ya kupotezea wakati baina ya magharibi na isha. Msomaji na asubiri kidogo kabla ya kuhukumu.

Na ijaaliwe kuwa kuna kijana katika Nyakisasa, wilaya ya Ngara, katika vilima vya magharibi karibu na Burundi, wilaya ya Wahangaza na Washubi. Kutoka huko hata Kilwa ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa njia ya gari, na kijana huyo bahari hajaiona kwa macho. Mito mikubwa anayoijua ni Ruvuvu na Kagera, ambayo maji yake huingia Ziwa Viktoria, kisha yakafuata Naili mpaka Misri. Mjomba wake anakaa Kilwa Kivinje. Kijana aliomba aletewe kitu cha baharini, basi mjomba akamtilia katika mfuko kombe moja na konzi ya mchanga mweupe wa ufukweni. Kombe lilipendeza siku moja likasahauliwa. Mchanga kijana aliumwaga juu ya karatasi, akauangalia kwa kioo cha kukuzia alichoazima shuleni, akaona kuwa punje nyingine si punje. Zimo zilizoviringana kama konokono, zimo zilizo bapa kama sarafu, zimo zilizopangana kama shanga katika uzi, na zote zina vyumba ndani yake. Akaandika: "Shikamoo mjomba. Nimepata mzigo, nashukuru. Lakini vidude hivi vilivyo ndani ya mchanga ni nini?" Mjomba akajibu: "Marahaba mpwa wangu. Huo ni mchanga tu. Nimeukanyaga tangu utotoni, wala hapana kitu ndani yake."

Je, mjomba amesema kweli?

Kwanza ni vyema kujua kijana aliona nini. Vidude vile ni magamba ya viumbe ambao wataalamu wa elimu ya viumbe huwaita foraminifera. Mwili wa kila mmoja wao ni chembe moja tu ya uhai. Hana jicho, wala tumbo, wala moyo. Pamoja na hayo hujijengea nyumba, wengi kwa chokaa waitoayo katika maji ya bahari, chumba baada ya chumba, na wengine huokota punje za mchanga wakaziambatisha kama mwashi aambatishavyo mawe. Katika matundu ya nyumba hiyo kiumbe hutoa nyuzi nyembamba mno; kwa hizo hutembea, na kwa hizo hukamata chakula chake. Wengi hawafikii hata milimita moja. Wako wanaotambaa juu ya majani ya bahari na juu ya matumbawe, na wako wanaoelea katika bahari kuu wasione nchi kavu maisha yao yote. Mwenye nyumba akifa, nyumba hubaki, ikazama au ikasukumwa na mawimbi hata ikafika chini ya nyayo za mjomba. Namna zilizo hai zilizokwisha kupewa majina zakaribia elfu tisa, na zilizokufa zikabaki katika mawe ni nyingi kuliko hizo mara kadhaa.

Sasa, anayemtetea mjomba atasema hivi: jina hufuata ada. Lau mjomba angeliapa kuwa hatauza mchanga, kisha akauza kikapu cha mchanga ule ule, angelivunja kiapo chake, wala isingelimfaa kitu kumwambia kadhi kuwa nusu ya kikapu ni magamba ya viumbe. Viapo na biashara za watu huchukuliwa kwa maneno kama yanavyotumika baina yao. Utetezi huu ni wa haki, na kwa hiyo haifai mjomba kuitwa mwongo. Lakini kijana hakuuliza swali la soko. Aliuliza juu ya kitu alichokiona, na mjomba akamjibu juu ya kitu asichokiangalia. Tena hakuishia kwenye jina, bali aliongeza kuwa hapana kitu ndani yake. Hilo neno la mwisho ndilo lililomtia katika masala, kwa sababu ni kukanusha, na mwenye kukanusha anadai kuwa ametafuta.

Watu wa mwambao wasifikiri kuwa tofauti ya jina na kitu ni jambo geni lililoletwa na shule za Kizungu. Msomi wa Minhaj ya Imamu Nawawi anajua yaliyosemwa juu ya wanyama wa bahari wasio na umbo la samaki. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa ni halali. Na imesemwa si halali. Na imesemwa kuwa yule ambaye mfano wake wa nchi kavu huliwa ni halali, na ambaye mfano wake hauliwi, kama mbwa na punda, si halali. Hapa ndipo mahali pa kusimama. Mnyama wa bahari ameitwa mbwa na mvuvi fulani zamani, kwa kuwa kichwa chake kilifanana na kichwa cha mbwa. Je, hukumu ya mbwa imshukie kwa sababu ya mdomo wa mvuvi? Wanavyuoni walibishana juu yake kwa dhati, kwani walijua kuwa jina likiisha kutolewa huburuta hukumu nyuma yake, na mtu aweza kuharimishiwa riziki yake kwa ajili ya mfanano. Kamaluddin ad-Damiri, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, yaani 1405, alikusanya kitabu kikubwa cha majina ya wanyama, Hayat al-Hayawan, na katika wengi wao akaeleza jina, kisha sifa, kisha hukumu ya kuliwa kwake. Aliona kuwa fakihi asiyemjua mnyama atahukumu juu ya neno tu.

Basi anayetoa jina ni kama shahidi. Na shahidi katika madhhabu ya Imamu Shafii, akishuhudia tendo, hana budi awe ameliona. Dhana haimtoshi, wala kuambiwa na jirani. Visa vya viumbe hawa vinaonyesha jinsi ushahidi unavyoharibika, na jinsi unavyotengenezwa.

Maji yale ya Kagera, mwishoni mwa safari yake, hupita karibu na ahramu za Giza. Mawe mengi ya ahramu hizo ni chokaa iliyojaa magamba ya foraminifera wakubwa, wengine kama dengu na wengine kama sarafu. Strabo, Myunani aliyezuru Misri zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, aliandika kuwa watu waliambiana ni dengu za chakula cha wajenzi, zilizosalia zikageuka mawe. Na ajabu ni kuwa yeye mwenyewe alikumbuka kilima kwao Ponto kilichojaa mawe ya umbo lile lile la dengu. Hakuna aliyejenga ahramu Ponto! Dalili ilikuwa mkononi mwake, na hadithi ya dengu ikaendelea kusimuliwa, kwa sababu ilikuwa tamu.

Akaja Peter Forsskål, aliyetumwa Uarabuni pamoja na wenzake na mfalme wa Denmark, akafa Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kilitolewa na mwenziwe Niebuhr mwaka 1775, na ndani yake gamba lile la ahramu limeitwa Nautilus gizehensis. Yaani alilihesabu katika jamaa ya mnyama wa baharini mwenye gamba lenye vyumba, ndugu wa pweza na ngisi. Alikosea jamaa, lakini alitazama gamba, wala hakuuliza wapishi. Tena Alcide d'Orbigny, aliyekulia pwani ya Ufaransa karibu na La Rochelle, akawakusanya viumbe hawa kwa mamia, akawapanga, na mwaka 1826 akalitoa hilo jina la foraminifera, ambalo maana yake ni wenye matundu. Naye pia akawaweka pamoja na pweza. Haikuwa kwa uvivu. Vyumba vya magamba yao vilimdanganya. Mwaka 1835 mwenziwe Félix Dujardin, aliyewatazama wakiwa hai majini, akaonyesha kuwa ndani hamna mkono wa pweza wala kichwa chake, ila uhai laini usio na viungo. Na d'Orbigny katika kitabu chake cha 1839 juu ya viumbe wa Cuba aliwatoa kwa pweza akawaweka peke yao. Huko ndiko kurudi kwa shahidi aliyekosea, na ni jambo lililo zito nafsini. Mtu aliyejulikana Ulaya nzima kwa mpango wake akaufuta mbele ya wasomaji wake mwenyewe. Wangapi katika wenye vilemba wamepata kufanya hivyo katika darasa?

Kuna kosa jingine lililodumu zaidi, nalo ni la ndani zaidi. Katika viumbe hawa namna moja yaweza kuzaa maumbo mawili: mmoja huanza nyumba yake kwa chumba kikubwa, akawa mdogo wa kimo, na mwingine huanza kwa chumba kidogo mno, akakua akawa mkubwa. Wataalamu waliokota magamba ya namna mbili katika jiwe moja, wakayapa majina mawili, kama namna mbili mbalimbali, tena wakafanya hivyo mara nyingi. Mwaka 1895 Mwingereza J. J. Lister alieleza kuwa hayo ni mageuzo ya vizazi: huyu humzaa yule, na yule humzaa huyu. Macho hayakukosea, kwani maumbo ni mawili kweli. Kosa lilikuwa kudhani kuwa kinachotofautiana kwa umbo hakina budi kutofautiana kwa asili. Atakayeona kosa hili ni la magamba tu na atazame jinsi watu wa miji wanavyowagawa majirani zao kwa rangi na kwa kabila la mama, wakahukumu asili kwa umbo.

Na hapa linaingia swali ambalo wenye elimu hiyo wenyewe hawakulimaliza. Mwingereza W. B. Carpenter mwaka 1862 alisema kuwa katika viumbe hawa umbo hushikana na umbo kwa mlolongo, hata mipaka ya namna haionekani wazi. Je, mipaka ile imewekwa na Muumba, au imechorwa na mkono wa mtazamaji? Jibu lililo karibu na insafu ni kuwa mengine ni hivi na mengine ni vile. Kuwa huyu huzaa mfano wake, hilo halikutoka kwa mtu. Lakini kuwa mstari wa kutenganisha upite hapa wala usipite pale, hilo ni ijtihadi, na mwenye ijtihadi hulipwa kwa juhudi yake hata akikosea, maadamu hakuidai ijtihadi yake kuwa wahyi.

Ndiyo maana wenye elimu hiyo wana kanuni ambayo kadhi angeipenda. Mtu akitoa jina jipya, humlazimu kutaja kielelezo kimoja, gamba lenyewe, likawekwa mahali pa amana ili yeyote atakayekuja baadaye alitazame kwa jicho lake. Ikiwa watu wawili wametoa majina mawili kwa kitu kimoja, jina la kwanza ndilo lenye haki. Na ikibainika kuwa kitu kimewekwa katika ukoo usio wake, huhamishwa, na jina lake la pili hubaki nalo kama mtu aliyehama mji bila kubadili jina la babake. Mwaka 1962 W. H. Blow na F. T. Banner walieleza, katika kitabu kilichopigwa chapa Cambridge, magamba ya wanaoelea yaliyotoka katika udongo wa Lindi. Moja wakaliita tapuriensis, katika ukoo wa Globigerina. Leo ukoo wake ni Dentoglobigerina. Hakuna aliyeona aibu.

Kilwa yenyewe imekuwa mashuhuri katika elimu hii, na hili ndilo jambo ambalo mjomba angelishangaa kulisikia kuliko yote. Udongo wa mfinyanzi ulio chini ya ardhi ya Kilwa na Lindi ni mzito, hauruhusu maji kupenya, na kwa hiyo magamba yaliyozikwa humo yamebaki maangavu kama kioo. Katika sakafu za bahari kuu magamba ya rika lile yamebadilika, chokaa yake ikaliwa ikafanywa upya. Tofauti hii ilikuwa na matokeo makubwa. Kwa kupima chokaa ya magamba wataalamu hukisia joto la bahari ya zamani, na yale yaliyobadilika yalikuwa yameshuhudia kwamba bahari za nchi za joto zilikuwa baridi kuliko inavyoingia akilini. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake, miongoni mwao Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli la Tanzania, walieleza katika jarida la Nature kuwa magamba maangavu ya Tanzania yanashuhudia bahari yenye joto. Shahidi wa kwanza hakusema uwongo kwa makusudi. Alikuwa amebadilika bila ya mtu kujua, na waliomsikiliza hawakuuliza hali yake.

Baadaye mashimo yalichimbwa karibu na Pande, katika wilaya ya Kilwa, yakapita katika tabaka za miaka kiasi cha milioni 34 iliyopita kwa hesabu ya wenye elimu hiyo. Humo huonekana Hantkenina, kiumbe mwenye miiba kama nyota, kisha juu yake haonekani tena. Kutoweka kwake ndiko kulikofanywa alama ya mpaka baina ya zama mbili za dunia nzima, ingawa mahali palipowekwa rasmi kuwa kipimo cha mpaka huo ni Massignano, Italia. Mwaka 2015 Pearson na Bridget Wade walitoa kitabu kizima cha kupanga magamba hayo ya Tanzania, na ndani yake majina mapya. Mojawapo ni barbula, neno la Kilatini la ndevu ndogo, na jingine tecta, iliyofunikwa.

Hapa mzee mmoja barazani atakohoa, aseme: "Majina yote ni ya Kizungu, na wenye majina ni Wazungu. Yanatuhusu nini?" Maneno haya yana ukweli na yana kosa. Kosa ni kudhani kuwa elimu ya kitu hiki ni haramu au ni ugeni katika Uislamu. Al-Biruni, karibu miaka elfu moja iliyopita, alitazama makombe yanayotoka katika visima vya jangwa la Arabuni akasema kuwa jangwa lile lilikuwa bahari. Na Imamu Ghazali, naye ni Mshafii, katika Ihya alilalamika kuwa miji mingi haina tabibu ila asiye Mwislamu, na watu wote wamesongamana katika ilimu ya fikihi kwa kutaka vyeo, wakaacha faradhi za kutosheleza zisizo na mtu wa kuzisimamia. Lau angelikuwa hai leo akaenda Pande, huenda angeliyarudia maneno yake.

Na ukweli uliomo katika kukohoa kwa mzee ni huu. Anayetoa jina ndiye aliyeuliza, na anayeulizwa hujibu kwa alicho nacho. Forsskål alipokaa na wavuvi wa Bahari ya Shamu aliwauliza majina ya samaki, wakamwambia, naye akayaandika. Hata leo changu mmoja anayeliwa Mombasa na Unguja huitwa duniani kote Lethrinus harak, na hilo harak ni neno la Kiarabu la wavuvi wale. Hakuwanyang'anya. Walikuwa na jina kwa sababu walikuwa wamemtazama samaki. Lakini mchanga wa visiwa vya Kirimba, kaskazini ya Msumbiji, ulipochukuliwa Uingereza, na Edward Heron-Allen na Arthur Earland wakaandika juu ya magamba yake mwaka 1914 na 1915, hapakuwa na neno hata moja la Waswahili wa visiwa vile la kuingizwa katika kitabu. Wala haiwezekani kusema kuwa mtu yule aliidharau lugha ya Mashariki, kwani Heron-Allen ndiye aliyetafsiri ruba'i za Omar Khayyam kutoka Kifarsi mwaka 1898. Angeliambiwa neno, hapana shaka angeliandika. Na makusanyo yao yamo katika nyumba ya makumbusho ya London, ambako mtu wa Kirimba akitaka kuyaona hana budi kupanda ndege.

Wako wanaotaka sasa kuketi na kubuni majina elfu ya Kiswahili, namna kwa namna, ili kulipa deni hilo kwa siku moja. Haraka hii inatia wasiwasi. Jina lililobuniwa katika karatasi na mtu asiyepata kushika gamba ni lile lile jibu la mjomba, ila limevaa nguo nzuri zaidi. Adamu alifundishwa majina, na malaika walipoulizwa wakasema hawana ilimu ila waliyofundishwa. Jibu lile la malaika husahauliwa na wengi wanaopenda kuisoma habari ya Adamu.

Mjomba basi angefanya nini? Hakulazimika kujua jina la Amphistegina, ambaye magamba yake ya umbo la dengu hupatikana katika mchanga wa pwani hii. Ilimtosha kushuka ufukweni wakati wa maji kupwa, kuchota mchanga kidogo katika mstari unaoachwa na wimbi, kuuosha kwa maji ya kisima, kuuanika juu ya kitambaa cheusi, na kuazima kioo cha fundi saa. Kisha angeandika: "Mpwa wangu, nimeangalia. Si mchanga wote. Ndani yake mna nyumba ndogo za viumbe. Jina lao kwetu silijui, na wazee niliowauliza hapa Kivinje hawalijui. Nakupelekea nyingine tatu za umbo mbalimbali, nimezitia katika kibiriti. Usizichanganye na zile za kwanza, na uandike juu ya karatasi mahali zilipotoka na siku niliyoziokota."